Sungura Aliyezidiwa Kila Nilipomtembelea

Nyie mnaoingia sasa kwenye kazi ya mifugo mna bahati, mnafundishwa sungura darasani. Sisi tulifundishwa ng'ombe, mbuzi, kuku na nguruwe, basi. Sungura tuliambiwa yupo, ana masikio marefu na nyama yake haina mafuta mengi. Kwa hiyo siku nilipoitwa Magomeni, hapa hapa Kilosa mjini, kumtazama sungura wa ndani mwenye shida ya kupumua, nilikwenda na elimu hiyo hiyo pamoja na begi la dawa za ng'ombe. Nitawasimulia nilivyoharibu. Nikisema niwasimulie nilivyofaulu, tutamaliza kabla chai haijapoa.

Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwangu kazini. Nilikuwa nimeshaogesha ng'ombe wa Tindiga mpaka wananifahamu kwa harufu, nimechanja kuku wa Kimamba, nimezalisha mbuzi Mikumi usoni pa watalii waliosimamisha gari kupiga picha. Nilijiona nimeiva. Wenzangu ofisini waliposikia nakwenda kutibu sungura walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Bwana Mifugo, huyo si wa kutibiwa, huyo ni wa kukaangwa!" Nami nilicheka pamoja nao, nisiwadanganye.

Aliyeniita alikuwa Bi Zuhura, mjane mwenye umri kama wa miaka sabini, mwembamba, msafi kupita kiasi, mtu wa maneno machache. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa reli. Sungura aliletwa na mjukuu wake, Salma, binti anayesomea uuguzi Morogoro, ambaye alimnunua Mikumi kwa mtu anayefuga sungura wa kuuza kwenye mahoteli. Salma alimwonea huruma akamtoa kwenye foleni ya sufuria, akampa bibi yake amtunzie "kwa siku mbili tatu tu, bibi." Mnajua siku mbili tatu za wajukuu.

Jina lake Karani. Bi Zuhura ndiye aliyempa, kwa sababu pua na midomo yake haitulii, utadhani anasoma barua za watu kimoyomoyo.

"Mwanzoni nilimwona kitoweo tu," aliniambia siku ile ya kwanza. "Kisha mzee akafariki. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba hii. Watu walikuja, wakalia, wakaondoka. Karani hakuwa na pa kwenda. Nikipika anakuja, nikiswali anakaa pembeni ya mswala. Bwana Mifugo, mimi sikuombi umfanye ashinde mbio. Nakuomba tu avute pumzi."

Niliposikia hivyo niliacha kucheka. Mtu akikwambia mnyama wake ni mwenzake, usimtazame usoni kuona kama anatania. Mwamini, ufungue begi.

Karani alikuwa anapiga chafya mfululizo. Puani alikuwa na kamasi nyeupe, na manyoya ya miguu yake ya mbele, upande wa ndani, yalikuwa yamegandamana. Alama hiyo ishikeni. Sungura hana leso, anajifuta pua kwa mikono, kwa hiyo ukitaka kujua mafua yake yana siku ngapi mtazame mikono kabla hujatazama pua. Nilipoweka sikio mgongoni kwake nilisikia mkwaruzo. Na jambo jingine ambalo mimi nililijua nikiwa nimeshakaribia kustaafu: sungura anapumua kwa pua. Mdomo wake si mlango wa hewa. Ukimkuta ameinua kichwa juu na kufungua mdomo, hilo halingoji kesho, mkimbize kwa daktari wa mifugo dakika hiyo.

Nilimpigia daktari wa wilaya, akanielekeza dawa na kipimo, nikamchoma sindano. Mpaka hapo sikukosea. Nilikosea niliposimama mlangoni kuaga. Nilimwambia Bi Zuhura kwa sauti ile ya mtaalamu anayetaka kusikika mpaka nyumba ya pili, "Mtandikie pumba za mpunga. Nene kabisa, apate joto." Maana kuku wote wa wilaya hii nilikuwa nawatandikia pumba za mpunga. Wiki ile ile nikamletea mfuko mzima kutoka mashine ya kukoboa ya Tindiga, bure, nimeufunga nyuma ya pikipiki, vumbi la pumba linapeperuka nyuma yangu mpaka waendesha bodaboda wananitukana. Nilijiona mkarimu.

Basi nikawa namtembelea Karani kila wiki. Kila mara nilimpigia Bi Zuhura simu kwanza. Siku hizi kumvamia mama mjane nyumbani kwake bila taarifa si adabu, na mimi ni mwanamume. Nikifika namkuta amevaa vizuri, sebule inang'aa, sakafu imefagiwa, chetezo pembeni kinafuka udi, chai na vitumbua mezani. Karani analetwa ndani ya kapu, anawekwa juu ya meza kwenye kitambaa kilichodariziwa, namtazama. Na kila nilipomtazama alikuwa na hali mbaya. Chafya, mbavu zinapanda na kushuka, macho yanatoka maji. Naongeza siku za dawa. Wiki inayofuata, vile vile. Nampigia daktari, tunabadilisha dawa. Vile vile.

Jirani mmoja alimshauri Bi Zuhura afungue kidonge cha rangi mbili, kile wanachokunywa watu wenye kifua, amkorogee kwenye maji. Namshukuru Mungu, Bi Zuhura aliniuliza kabla. Dawa za jamii ya penisilini ukimpa sungura kwa mdomo zinamwua, zinavuruga tumbo lake lote, na kifo chake ni kibaya. Dawa ya mtu si dawa ya sungura, na hata dawa ya mbuzi si ya sungura. Ukiwa hujui, sema hujui. Mimi nilikuwa na tatizo la kutojua kwamba sijui.

Hapa lazima niwaambie habari za Mzee Mhina, aliyenifundisha kazi, ili mwone ukubwa wa aibu yangu.

Nilipoajiriwa nilikuwa kijana mwenye cheti kipya na viatu vipya. Mzee Mhina alikuwa msaidizi wa mifugo wa siku nyingi, hana cheti cha maana, lakini wafugaji walikuwa wanamngoja yeye. Siku moja tulikwenda Tindiga kwa familia moja ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mama mwenye mji, Mama Masanja, alikuwa na ndama wanaokohoa. Mimi nikasimama katikati ya zizi la ndama nikaanza kumwaga majina ya magonjwa. Mzee Mhina akanishika shati kwa nyuma akanivuta chini.

"Piga magoti."

"Mzee, hapa ni mavi."

"Ndama analala juu ya hayo mavi. Piga magoti, weka pua yako mahali pa pua yake, kisha uniambie ugonjwa."

Nikapiga magoti. Kabla sijahesabu kumi macho yalikuwa yanatiririka. Hewa ya mkojo uliokaa ilikuwa imelala pale chini, kali, inakwangua koo. Na juu yake moshi wa kinyesi kikavu, kwa sababu Mama Masanja alikuwa anawafukizia ndama ili nzi na mbu wasiwasumbue. Nikataka kumkaripia azime moto. Mzee Mhina akanikanyaga mguu. Alimsalimia mama yule vizuri, akamsifia ndama wake, kisha akamwuliza upepo wa pale unatoka wapi jioni. Wakauhamisha moto pamoja, ukakaa upande ambao moshi unapita pembeni ya zizi, nzi wanakimbia na ndama wanapumua. Tuliporudi njiani akaniambia, "Mtu usimnyang'anye moto wake. Ana sababu. Mwulize upepo."

Nimefundisha maneno hayo kwa kila kijana aliyepita mikononi mwangu. Niliyasema hata kwenye semina. Lakini kwa Bi Zuhura sikuwahi kupiga magoti hata mara moja, kwa sababu mgonjwa aliletwa juu ya meza, na mbele yangu kulikuwa na vitumbua. Na habari ya udi nilikuwa naiona haya. Mimi ni mtoto wa parokia, ningeanzaje kumwambia mama wa Kiislamu kwamba udi wake unanipa mashaka? Sikukumbuka kwamba hata kanisani kwetu ubani unafukizwa mpaka watoto wa mbele wanakohoa.

Siku iliyonifumbua macho ilikuwa ya masika. Nilikuwa natoka Mikumi, mvua imenilowanisha mpaka ndani, na nilipofika karibu na Magomeni mnyororo wa pikipiki ukakatika. Nyumba ya karibu ninayoijua ilikuwa ya Bi Zuhura. Nikasukuma pikipiki mpaka barazani kwake.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu... Ee! Bwana Mifugo! Mbona hukupiga simu?"

"Shikamoo, Bi Zuhura. Mnyororo umekatika, nimekimbilia kwako."

"Marahaba, marahaba. Ingia, mwanangu, lakini jamani, nyumba ilivyo!"

Nyumba ilikuwa kawaida kabisa, kama ya mtu yeyote asiyengoja mgeni. Majani ya mchicha sakafuni, kanga juu ya kiti. Na mlangoni pa uani, juu ya mkeka, Karani alikuwa amejinyoosha, miguu ya nyuma ameitupa huko, anatafuna jani taratibu. Nikasimama kusikiliza. Hakuna chafya. Palikuwa na mkwaruzo kidogo, lakini mbavu zimetulia.

"Bi Zuhura, amepata nafuu lini?"

Akatazama chini. "Sikutaka kukuvunja moyo. Siku nyingine nyingi huwa hivi, afadhali. Ukija wewe ndiyo anazidiwa. Nikasema labda anakuogopa. Nilitaka kumwomba Salma akuambie, maana mimi nilishindwa."

Vijana, nimewahi kupigwa teke na ng'ombe kifuani. Haikuuma kama yale maneno. Mwezi na zaidi nilikuwa nakwenda kumtibu mnyama, na mwenye mnyama anaona kabisa kwamba mimi ndiye ugonjwa, ila heshima inamzuia kusema.

Sijamaliza hata kuketi, Bi Zuhura akawa ameshika ufagio. Mgeni amemkuta vibaya, hawezi kuvumilia. Akafagia haraka haraka, ufagio wa chelewa, sakafu kavu, vumbi linapanda kwenye mwanga wa mlango. Akaenda chumbani, nikamsikia anaongeza pumba kwenye sanduku la Karani, pwaa, vumbi jingine. Akarudi na makaa kwenye chetezo, akadondosha udi. Karani akaacha kutafuna. Akainua pua. Chafya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikawa nahesabu nimeduwaa, na mbavu zake zikaanza ile kazi ninayoijua.

"Bi Zuhura," nikasema, "weka ufagio chini, mama."

Chetezo nilikitoa nje mwenyewe, kwenye mvua. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani. Alikuwa ameshaelewa. Sauti ilimtoka ndogo kabisa.

"Kwa hiyo ni mimi ninayemwua?"

"Hapana. Unafagia kwa ajili yangu, unafukiza kwa ajili yangu, na pumba nilizileta mimi. Mwenye kosa anakula vitumbua vyako kila wiki."

Akacheka, kisha akalia. Mimi nilitazama mvua. Ningeweza kulia pia, maana niliona wazi kwamba nilikuwa karibu kumpokonya yule mama mwenzake wa pekee nyumbani, nikiwa na begi mkononi na shukrani zake mfukoni.

Siku ile nikamwomba ruhusa niingie chumbani anapolala Karani, akaniruhusu. Nikapiga magoti, umri huu, magoti yanalia. Sanduku la mbao lilikuwa kwenye kona, nyuma ya kitanda. Ukuta nyuma yake ulikuwa na ukungu kutokana na unyevu wa masika. Dirisha lilikuwa limepigiliwa karatasi ya nailoni tangu mvua za mwaka uliopita. Chini ya kitanda kulikuwa na kisahani cha majivu ya dawa ya mbu, ile ya mzunguko inayochomwa. Nikainamisha pua mpaka kwenye pumba. Juu zilikuwa mpya na safi, zinawasha pua kwa vumbi. Nikazifukua, chini kulikuwa na mkojo wa siku kadhaa. Macho yakatiririka kama siku ile ya Tindiga.

Tulianza na dirisha. Nailoni tuliitoa, tukaweka wavu wa mbu. Sanduku tulilihamisha kutoka ukutani, tukalipandisha juu ya benchi fupi, mahali ambapo hewa inafika lakini upepo haumpigi moja kwa moja. Msichanganye hivyo viwili. Kimamba niliwahi kumwambia mzee mmoja azibe banda lake lote kuku wasipate baridi, na kweli hawakupata baridi, walivimba macho na kukoroma kwa hewa chafu. Nikamwambia abomoe ukuta wote, wakapata baridi. Mzee yule hakunisalimia mwaka mzima, na alikuwa na haki. Hewa ibadilike juu ya mnyama bila yeye kuihisi mgongoni.

Pumba tulizitupa zote shambani. Badala yake Bi Zuhura alitandika kanga kuukuu zilizolainika, zilizofuliwa kwa sabuni ya mche isiyo na manukato na kusuuzwa vizuri, anazibadilisha kila siku. Sungura ana tabia nzuri kuliko wapangaji wengine: anachagua kona moja ya kukojolea. Kona hiyo tukaweka beseni la chini lenye magazeti, linamwagwa asubuhi na jioni. Utando mweupe wa mkojo ukigandia, unasuguliwa kwa siki na maji, kisha beseni linasuuzwa mpaka harufu iishe. Nyasi kavu Bi Zuhura anazikung'utia nje, mbali na mlango, kisha anazinyunyizia maji kidogo kabla ya kumpa, na zisikae zikaota ukungu. Sakafu inapigwa deki kwa tambara bichi badala ya kufagiwa. Jiko la mkaa likawa linawashwa uani tu. Dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza zikapigwa marufuku, akanunua chandarua kipya. Wakati wa joto letu la Kilosa, lile la kabla ya mvua, anamwekea chupa ya maji baridi iliyofungwa kitambaa, Karani anailalia ubavu. Na pua yake inafutwa kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu.

Lilibaki la ubani. Kila Alhamisi jioni Bi Zuhura alikuwa anamfukizia marehemu na kumwombea dua. Hilo sikuligusa. Nilikunywa chai yangu nikamwuliza tu upepo wa pale kwake unatoka wapi jioni. Akafikiri.

"Unatoka huku mbele, unakwenda uani," akasema. Kisha baada ya muda, "Mzee mwenyewe alikuwa anapenda kukaa uani. Ndani alikuwa anaona joto."

Alhamisi iliyofuata dua ikasomwa uani.

Nisiwadanganye, Karani hakupona. Mafua ya namna ile kwa sungura mara nyingi yanajificha tu, yanangoja vumbi, joto au woga yaamke tena, na ndiyo maana hakuwekwa pamoja na sungura mwingine. Lakini alikula, alinenepa, alinyoosha miguu mlangoni. Nilijifunza uzeeni kwamba kuna wagonjwa ambao dawa yao kubwa ni chumba.

Kilichokuwa kigumu kwa Bi Zuhura hakikuwa deki wala beseni. Kilikuwa wageni. Mtu aliyezoea kusifiwa usafi wa nyumba na harufu ya udi tangu alipoolewa, sasa anapokea watu barazani, ndani hakunukii kitu. Watu wakaanza kusema. Mzee amekufa, na nyumba imekufa. Aliyasikia yote.

Kisha ikaja habari ya posa ya Salma.

Kijana alikuwa wa familia nzuri ya Kimamba, na washenga walikuwa wanakuja rasmi. Kwa kuwa marehemu hayupo na wanaume wa upande wao ni wachache, Bi Zuhura aliniomba niketi na wazee wa upande wa binti. Niliona ni heshima kubwa. Nilifika mapema nimevaa suti yangu moja, nikakuta mgogoro. Wifi yake, Bi Mwajuma, dada wa marehemu, alikuwa amekuja kusimamia shughuli na alikuwa ameshika chetezo mkononi.

"Posa bila udi, wifi? Nyumba isiyonukia? Watasema tunamwoza mtoto kutoka gofu!"

"Wifi, Karani jana alishinda vibaya. Joto."

"Basi mpelekeni kwa jirani!"

Bi Zuhura akanigeukia. "Bwana Mifugo, akihamishwa itakuwaje?"

Ningependa kumpa jibu jepesi. Lakini jirani alikuwa anapikia ndani, na jua lilikuwa kali, na Karani asubuhi ile nilimkuta pua zimetanuka. Nikamwambia kweli. "Akihamishwa leo, siwezi kukuahidi. Mkifukiza ndani, siwezi kukuahidi vilevile."

Salma, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na nguo yake mpya, akasema, "Bibi, fanya unavyoona. Mimi siolewi na harufu." Bi Mwajuma akamwambia afunge mdomo, mchumba haongei siku ya posa.

 Bi Zuhura akatazama chumbani, akamtazama mjukuu wake. Kisha akachukua chetezo mkononi mwa wifi yake, taratibu, akakifunika. "Tandikeni mikeka barazani," akasema.

Washenga wakaja, wanaume watatu na wanawake wawili. Kiongozi wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mzee mrefu mwenye bakora na kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka. Akaangalia mikeka ya nje, akaangalia mlango uliofungwa.

"Assalaam aleikum. Mbona tunapokelewa nje, nyumba ina msiba?"

"Waaleikum salaam. Hakuna msiba, karibuni sana," Bi Zuhura akajibu. "Ndani kuna mgonjwa. Kifua. Hatakiwi moshi wala vumbi wala makelele. Ndiyo maana."

Bi Mwajuma akafumba macho. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mzee yule hakuketi. Akageukia wenzake, akasema kama mtu anayesema jambo lisilo na mjadala, "Basi hatuwezi kufungua neno la heri na mgonjwa yuko ndani hatujamjulia hali. Tupelekeni kwanza."

Kutakuwa na siku nyingi katika kazi yenu mtakapotamani ardhi ipasuke. Ile ilikuwa yangu. Salma akajifunika uso. Bi Zuhura angeweza kusema mgonjwa amelala, kila mtu angeelewa, na mambo yangeendelea. Nilimwona analifikiria hilo. Akasimama, akafungua mlango.

"Karibuni."

Wakavua viatu. Wakaingia mmoja mmoja kwa adabu, mimi nyuma yao. Chumba kilikuwa na kitanda kilichotandikwa, hakuna mtu. Mzee akatafuta kwa macho.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Huyo hapo," Bi Zuhura akasema.

Karani alikuwa amelala juu ya kanga yake kwenye benchi karibu na dirisha, kichwa amekiinua kidogo, mdomo ameufumba, anavuta pumzi kwa juhudi.  Mmoja wa wanawake akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Nikafungua kinywa changu kueleza mambo ya kitaalamu, lakini Bi Zuhura akaniwahi. Hakupandisha sauti wala hakuomba radhi.

"Nilipokaa eda, huyu ndiye niliyekuwa namsikia anapumua ndani ya nyumba hii. Sasa yeye ndiye anayepata taabu ya kupumua. Nimeshindwa kumfukizia udi. Kama ni kosa, ni langu, si la Salma."

Mzee akamtazama. Kisha akaegemeza bakora yake kwenye kitanda, akashika ukingo wa benchi na kuinama polepole mpaka uso wake ukawa karibu na wa Karani. Akakaa hivyo, anatazama mbavu.

"Usiku alilala?"

"Kidogo," Bi Zuhura akasema. "Leo afadhali kuliko jana."

"Anakula?"

"Asubuhi amekula majani mawili."

"Basi kuna matumaini. Mola amponye."

"Amin," wakasema wale wengine, na Bi Mwajuma nilimsikia nyuma yangu, "Amin."

Tukatoka kwa kunyata, mlango ukarudishwa polepole. Tukaketi barazani, na posa ya Salma ikazungumzwa mpaka ikakubaliwa, yote kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa kwenye nyumba yenye mgonjwa.